Mama Salima, Nimeonja Bangi

Mama Salima,

Nimeonja bangi. Nakuambia mwanzoni kabisa ili usiisikie kwa mtu mwingine, maana siku hizi sijui nani anamwambia nani nini, na huko uliko pengine habari zinafika zikiwa zimepinda vilevile. Sijaivuta. Nimeila, ndani ya mawese, juu ya lituma ya ndizi za kuponda. Najua ungeshika kiuno. Ni wewe uliyewakimbiza wale vijana nyuma ya choo chetu kwa ufagio, ukipiga kelele, "Bangi yenu, muende muvutie kwa mama yenu!" mpaka mtaa mzima wa Mangobo ukacheka. Mimi nilikuwa kibarazani nasahihisha madaftari, na mimi nilicheka. Sasa nisikilize mpaka mwisho, halafu ucheke au ukasirike.

Tangu tukuzike, nyumba imebadilika kwa mambo madogo madogo. Salima ndiye anayepika. Sombe yake ya majani ya muhogo ina chumvi nyingi, lakini nasema ni tamu, na mdogo wake Mwajuma ananiangalia kwa jicho la kujua kwamba nadanganya. Kikwembe chako cha bluu bado kiko kwenye msumari ule ule. Mwenzangu mmoja wa shuleni alisema nikitoe, kinanikalia moyoni. Nikamuuliza kwa nini anajua kilicho chumbani mwangu. Ndivyo nilivyokuwa. Kila neno la mtu nililigeuza nione upande wa chini.

Usingizi ulinikataa. Taya liliniuma kwa kusaga meno, shingo ikawa kama mti. Chakula nilikitafuna, nikakitafuna, na hakikushuka. Na kila asubuhi, unajua, lazima tuimbe. Mwalimu wa darasa anasimama mbele ya watoto wake chini ya bendera na kuongoza nyimbo za Chama, kwa sauti na kwa kiuno. Mwalimu anayeimba kwa uvivu anaonekana. Matanga yako yalikuwa hayajapoa, Zaina, na mimi nilikuwa nacheza. Nilikuwa nacheza huku mkurugenzi wa shule akipita nyuma yetu anaangalia midomo.

Siku moja, katikati ya imla, neno lilikuwa mbele yangu kitabuni na sikuweza kulitamka. Watoto walingoja na kalamu zao juu. Nikakaa chini sakafuni, nimeegemea ubao, na chaki mkononi. Walinipeleka Makiso, kwenye hospitali ile ile uliyoingia kwa miguu yako na kutoka umebebwa. Daktari alinipima akasema, "Citoyen, mwili haina ugonjwa. Kinachokosekana ni kulala. Vidonge vya kulala hakuna hapa. Labda Kinshasa." Akaita mwingine.

Ndipo akaja ndugu yako Ramazani.

Unajua hatukuachana vizuri, mimi naye. Wewe hukuwepo kuyasikia aliyoyasema kwenye matanga. Kwa kweli ulikuwepo, lakini umelala pale katikati ya wanawake na hukuweza kumnyamazisha kama zamani. Alisimama mbele ya wanaume wote akasema, "Mimi nilisema tumuvushe mto yaya, dada yangu, mpaka Lubunga, kwa mama, wewe ukasema hospitali. Siku moja nitakuuliza." Kisha akasema watoto wa dada yake mahali pao ni ng'ambo, kwa nyanya yao. Wazee wakamkalisha. Lakini maneno yakishatoka hayakalishwi.

Kwa hiyo nilipomwona mlangoni na baiskeli yake, na gunia la mchele aliotoa upande wa Yahuma, sikufurahi. Watoto walifurahi. Mwajuma alipanda juu ya gunia kabla hajalishusha.

"Shemeji, unakonda," akasema.

"Nakula."

"Hapana. Salima ameniambia haulali, haukuli. Bon. Nimekuletea kitu."

Akaingiza mkono ndani ya mchele mpaka kwenye kiwiko, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa majani makavu ya ndizi. Aliwatuma watoto kisimani kwanza. Kisha akakifungua.

"Iko bangi," akasema, kama mtu anayesema iko chumvi.

Nikaruka kufunga mlango. "Unataka wanifunge?"

"Ni sauti yako itakufunga, shemeji, majani haina mudomo."

Alieleza. Alisema mama yenu, baada ya kumzaa yeye, mgongo ulimkataa, na wanawake wazee wa kwenu Maniema walimpikia majani haya katika mafuta, akalala, akaamka, akalima. Alisema si ya kuvuta, kwa sababu ukivuta mtaa wote utajua, na kifua chako ni kibaya. Alisema mengi, na kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Ramazani ninayemjua anasema mambo kwa kugonga meza.

Nifikirie mahali pangu. Mwalimu wa serikali, mgane, nyumba yenye uzio wa mabua, na nyuma ya uzio anakaa nani? Lokwa, mkuu wa seli ya Chama katika mtaa wetu, na abakosti yake, lile koti la Chama, iliyofungwa mpaka kooni hata siku ya jua kali. Nani anayeleta kifungo cha gerezani ndani ya nyumba ya namna hiyo na kukiita dawa? Ramazani hakuhitaji kuniua. Alihitaji tu kupita kwa Lokwa na kusema neno moja. Mimi ningelala gerezani, na siku hiyo hiyo watoto wangevuka mto, bila kikao cha ukoo, bila mtu wa kubisha.

Hata hivyo sikumfukuza. Mtu asiyelala hana nguvu za kufukuza.

Akaniomba moto. Alikausha majani juu ya kipande cha bati, moto mdogo sana, akiyageuza kwa vidole. Halafu akayaweka ndani ya mawese na kuyaacha yapate joto bila kuchemka, muda mrefu, mpaka nikachoka kumchungulia. Akayachuja kwa kitambaa, akatia mafuta ndani ya chupa ya zamani ya dawa ya kikohozi. Alipokuwa anafanya hivyo alinifundisha, na mimi nikasikiliza kama mwanafunzi asiyempenda mwalimu wake.

"Mara ya kwanza, matone tu juu ya chakula. Halafu unangojea. Ile ya kuvuta inakuya mbio, ile ya kula inatembea na miguu. Ni pale watu wapya wanaharibu: wanaona hakuna kitu, wanaongeza. Usiongeze. Siku ya kazi, hapana. Pamoja na pombe ya lotoko, hapana kabisa. Ukisikia moyo inakimbia, ukae, ukunywe maji, itapita. Haitakuua. Na chupa ukae nayo juu, batoto wasiguse hata kifuniko."

"Umejifunza wapi yote hayo?"

"Kwa mama."

"Mama hakuniambia hata siku moja."

"Uliisha kumuuliza?"

Kulikuwa na lituma iliyobaki. Niliikata, nikamwaga mafuta juu yake, si matone, nikaisukuma sahani mbele yake. "Karibu," nikamwambia. "Anza wewe."

Mama Salima, aliniangalia. Alielewa mara moja. Nilijitayarisha kwa hasira, nilikuwa naitaka hata hiyo hasira, ingenithibitishia jambo. Hakukasirika. Alichukua lituma kwa vidole, akachovya, akala, akarudia, macho yake hayatoki usoni mwangu. Alipomaliza akapangusa sahani na kipande cha mwisho.

"Alors," akasema, "tungojee pamoja nikufe."

Tukangoja. Kwanza alikaa kwenye mkeka, akanyosha miguu. Kisha akaanza kumcheka kuku wetu, akisema anatembea kama sous-chef, yule bosi mdogo wa ofisi. Halafu akazungumza juu yako. Alisema ulimbeba mgongoni kwenye matope njia nzima ya shule, na ukimwangusha unampiga kwa kuwa amechafuka. Alilia kidogo, akalala pale kwenye mkeka mpaka jua likaelekea kuzama. Mimi nilikuwa nainama kila mara nisikilize anavyopumua. Na hata alipoamka mzima, akaomba maji na kupanda baiskeli, nilijiambia: kuna sumu za polepole.

Chupa ilikaa juu ya ukuta, chini ya bati la paa, mpaka vumbi likaikalia. Jumapili moja, watoto wakiwa kwa jirani, nikaishusha. Nilitia matone. Hakuna kitu. Jumapili iliyofuata matone tena. Nilingoja kama mtu anayengoja boti. Hakuna. Nikasema, ndiyo, amenicheza, amekula mafuta ya bure mbele yangu na sasa ananicheka huko Lubunga. Kwa hasira nikachukua kijiko kizima. Alikuwa ameniambia nisiongeze, na kwa sababu ni yeye aliyesema, nikaongeza.

Sitaki kukusimulia yote. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukagonga kama kipande cha mbao. Moyo ulikimbia. Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga, na kinu kikaanza kuniita: mwa-li-mu, mwa-li-mu. Radio ya Lokwa ilikuwa inasema habari, na kila msomaji aliponyamaza kuvuta pumzi nilijua amenyamaza anisikilize. Nikaona mpango wote, safi kabisa. Ramazani hakutaka kuniua wala kunifunga. Alitaka niwe kichaa mbele ya watu, na hakuna mzee yeyote atakayemwachia kichaa watoto wa kike. Nikaingia chini ya kitanda chetu.

Salima aliiona miguu yangu.

"Papa, unatafuta nini?"

"Kiatu."

Akasema, "Basi tutakitafuta pamoja," akakaa sakafuni kando ya miguu yangu. Hakuniuliza tena. Aliniletea maji ya ndimu, akanisomea kwa sauti somo lake la jiografia, mito na vijito vyake, mpaka kinu kikawa kinu tena. Nilimwambia ni malaria. Alisema ndiyo. Ana namna yako ya kusema ndiyo.

Nilitaka kuitupa chupa ile chooni. Nilikwenda nayo mpaka mlangoni. Kilichonirudisha ni hiki: hofu ilipoondoka, nililala mpaka jogoo. Nilikuwa nimesahau kwamba kulala kunafanana na kuweka mzigo chini. Basi nikarudi kwenye kipimo cha Ramazani, matone, siku za mapumziko tu, na uvumilivu. Nikajifunza kumbe mara zile mbili za kwanza palikuwa na kitu, ila mimi nilikuwa nangoja ngurumo wakati kilichokuja ni kama kulegeza mkanda. Taya likaachia. Nikamaliza sahani, na Mwajuma akaniangalia kwa hasira kwa sababu yeye huwa anarithi kinachobaki. Shuleni imla ikaenda.

Na nikakuona. Kabla ya hapo kila nilipofumba macho nilikuona kwenye kitanda kile cha chuma. Sasa nilikuona kwenye maporomoko ya Tshopo, kikwembe kimelowa, unanirushia maji na kuniita muoga.

Lakini nikashuku hata hilo. Nilijiuliza, ni nani anayelala, mimi au majani? Huzuni inapona au imefunikwa mkeka? Kuna juma ambalo sikukulilia hata mara moja, na nilipogundua nilishtuka kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. Nikaacha. Niliacha kwa makusudi, nione kama nimefungwa kamba. Siku za kwanza nililala vibaya, kisha nikalala nusu, kisha nikalia vizuri sana, mchana, peke yangu, nikikunja nguo zako. Nikajua basi kwamba yale mafuta ni fimbo ya kutembelea. Mguu ni wangu.

Wakati ule ndipo Lokwa alipokuja.

Aliingia uani na abakosti yake, akakaa kabla sijamkaribisha. Akaongea juu ya mvua, juu ya bati langu lenye kutu. Halafu akasema, "Citoyen mwalimu, siku hizi unalala muzuri."

"Namna gani unajua, citoyen chef?"

"Taa yako inazimika mapema." Akageuka kuangalia uzio. "Nasikia kuna watu wanavusha majani kutoka ng'ambo. Ukisikia kitu, uniambie. Mimi mwenyewe. Usiambie mutu mwingine. Mimi."

Akaniangalia muda mrefu, akaondoka.

Unafikiri nilimshuku nani? Ramazani alipofika na mchele wake, nilimkuta uani, sikumpa hata kiti. Watoto walikuwepo. Nilimwambia, "Umeniuza."

"Kwa nani?"

"Kwa Lokwa. Ulileta majani kusudi, halafu ukapita kwake."

Alishusha gunia polepole. Midomo yake ilitetemeka, ile midomo yenu ya familia. "Kama nilitaka kukuuza," akasema, "ningekuuza siku ya matanga, wakati nilikuwa na hasira ya kweli." Akageuza baiskeli. Salima alimkimbilia mpaka barabarani akimwita tonton, tonton, mjomba wake. Aliporudi hakula, na hakuniangalia.

Jumamosi ikafika na salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa. Tulikuwa tunafukua mtaro wa maji, Lokwa juu na filimbi yake. Kisha akashuka mtaroni, na viatu vyake, akachukua jembe mkononi mwangu. Mkuu wa seli hashiki jembe, Mama Salima. Wewe mwenyewe ulikuwa unamwigiza anavyonyosha kidole. Akaanza kulima, uso chini, na kusema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, muke yangu halali. Tumbo. Iko na kitu ndani yake. Docteur amesema tumurudishe tu nyumbani."

"Pole, citoyen chef."

"Kuna mutu ameniambia bangi inasaidia maumivu."

"Mimi sijui."

"Hata kidogo tu?"

"Kitu ya namna ile siijui, citoyen chef." Nilisema kwa sauti ile ile ninayotumia kuimba chini ya bendera.

Akatikisa kichwa. Akanirudishia jembe, akapanda juu, akapiga filimbi.

Nilirudi nyumbani nikijisifu kwamba nimeuruka mtego. Nilijisifu mpaka mchana wa kesho yake, tulipokuwa tunakula na sauti ikapita uzio. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anayesukuma kitu kizito asichokiweza, anapumzika, anasukuma tena. Salima akaweka kijiko chini.

"Mama Bolaya anaumia tangu asubuhi," akasema, akionyesha kwa Lokwa. Kisha akasema, "Ni yeye alimuosha mama."

Nilijua. Mama yako alikuwa hajapata mtumbwi wa kuvuka, dada zako walikuwa njiani, na mke wa Lokwa ndiye aliyekunja mikono ya nguo na kukuosha. Alitoka na mikono yenye maji akaniambia mimi, niliyesimama tu pale kama nguzo, "Mwalimu, iko muzuri. Tumemulaza muzuri." Hakuna aliyemtuma.

Nikaenda kumwona mgonjwa. Kumwona mgonjwa si kosa, nilijiambia, hata kama ni mtego. Lokwa alikuwa amevaa singleti, anampepea kwa sahani. Bila abakosti alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe kifuani. Mama Bolaya alikuwa amebaki macho na meno. Aliniuliza kwanza kama watoto wanakula. Kisha akasema, polepole, huku akipumzika katikati ya maneno, "Siku ile shemeji yako alikuwa anapika… harufu ilipita hapa. Koko, nyanya yangu, alikuwa anaipika namna ile. Ni mimi nilimuambia huyu akuulize. Yeye aliogopa."

Aliogopa. Lokwa. Aliogopa mimi nitamshtaki kwa wakubwa wake kwamba mkuu wa seli anatafuta bangi. Tulikuwa tumekaa pande mbili za mabua, kila mtu ameshika koo lake mwenyewe.

Au ndivyo walivyotaka niamini. Ndiyo, niliwaza hata hivyo, nikiwa bado nimekaa kando ya mkeka wake. Mtu anaweza kutumia ugonjwa wa kweli kutegea mtego wa kweli. Nilirudi nyumbani, nikapanda kiti, nikaishika chupa. Nikafikiria nafasi yangu shuleni. Nikafikiria watoto wakivuka mto wakilia. Nikafikiria mikono yake yenye maji. Zaina, sikupata uhakika. Nakuambia kweli, sikuupata, na mpaka leo sina. Nilitia chupa chini ya shati nikaenda.

Nilimpa Lokwa maelezo yote kama nilivyoyapokea: matone, kungoja, kutoongeza, maji karibu, asiachwe peke yake. Nilipomkabidhi, vidole vyangu vilikataa kuachia. Ilibidi avute. Hakusema asante. Alifunga mlango.

Siku ile na ya pili nilikaa nimevaa viatu ndani ya nyumba, nikingoja wanaokuja kuchukua watu. Hakuja mtu. Siku ya tatu Salima alisema, "Papa, unasikia?" Nikasema sisikii kitu. "Ndiyo," akasema. "Hakuna kitu." Mama Bolaya aliomba samaki. Alikula kidogo. Alikaa nje ya mlango jioni kadhaa, amefunikwa, akiwaambia wanawake wanaopita jinsi wanavyotembea vibaya. Kitu kilichokuwa tumboni mwake hakikuondoka. Majani hayakumtoa kwenye njia yake, yalimtengenezea njia tu. Amekufa kiangazi hiki. Labda mmeshaonana. Kama mmeonana, mwambie watoto wanakula.

Kabla hajafa, palikuwa na mkutano wa mtaa. Lokwa alisimama na abakosti yake, akazungumza kwa ukali juu ya wavuta bangi, maadui wa Mapinduzi, akasema atawang'oa mmoja mmoja. Macho yake yalipita juu ya kichwa changu kama ndege. Nyumbani kwake chupa ilikuwa juu ya ukuta. Tulipiga makofi wote, na mimi nilipiga kuliko wote. Sijui kama ananikinga au amenitia mfukoni mwake kwa siku atakayonihitaji. Tukikutana ananishika mkono muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa, na mimi ninahesabu hiyo kidogo.

Kisha nikavuka kwenda Lubunga. Ramazani alikuwa anashona magunia chini ya ukumbi wa mama. Sikuzunguka. Nilimwambia si yeye aliyesema, nilimwambia ni Mama Bolaya aliyenusa harufu, nikamwomba radhi. Aliendelea kushona.

"Shemeji," akasema mwishoni, "haukukosa yote. Nilikuya kukuangalia. Kama unakufa, nichukue batoto ya yaya. Kama unapona, nikuache nao. Dawa ilikuwa dawa ya kweli. Lakini macho pia ilikuwa macho."

"Na sasa?"

"Sasa unakula."

Nilikasirika, kisha sikukasirika. Ni jambo la kwanza ambalo mtu amenieleza mwaka huu bila kulifunga kitambaa. Mama yako alituletea chakula tukala sahani moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake aanze.

Chupa ile ilibaki kwa Lokwa; mafuta mengine kidogo anayo Ramazani, kwake. Nilimwambia akae nayo. Taya likirudi kuniuma, ninavuka, anatia matone kwenye chakula changu Jumamosi baada ya salongo, nalala kwenye mkeka wake, narudi. Nisipovuka, ujue nimelala bila fimbo. Mara nyingi sasa sivuki.

Naandika haya asubuhi ya likizo kubwa. Salima na Mwajuma wanakwenda kwa nyanya yao mpaka shule zifunguliwe. Ni Ramazani aliyeomba, na ni mimi niliyekubali, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Yuko nje anawafungia mizigo kwenye baiskeli. Mwajuma anamfundisha namna ya kufunga. Nimemtazama Ramazani mikono, nimemtazama uso, na sijaona kitu. Hilo halinitulizi, unanijua. Lakini wanacheka, na nimewaacha wacheke.

Lala, Zaina. Nitazidi kukuambia mambo mapema, kabla hayajakufikia yamepinda. Na hili nakuahidi: siku ya kufungua shule nitakuwa ukingoni mwa mto asubuhi na mapema, kabla ya mtumbwi wa kwanza kutoka Lubunga. Wakiwa hawamo, nitapanda mimi mtumbwi ukirudi Lubunga, niwafuate.

Papa Salima